Nilivyokwenda Saadani Kuusikiliza Mwezi

Ndugu zangu wa barazani, mmeniuliza mara nyingi mpaka nimeona ni afadhali niandike. Mmoja alitaka kujua kwa nini nimerudi na gunia la chumvi. Mwingine aliuliza kwa nini betri ya gari imerudi tupu. Wa tatu, simtaji lakini anajijua, aliniuliza mbele ya watu kama mwezi hajambo.

Nianze na jambo ambalo sitaki lisahauliwe: kazi hii niliifanya kwa elimu yangu. Nilianza kwa kuchokonoa redio mbovu za watu uani kwa mama, nikaenda Ulaya, nikasoma kwenye baridi ambayo ninyi mngeikimbia siku ya kwanza, nikarudi na diploma ya ufundi wa redio. Mmeiona ukutani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kule nilisoma na kijana mmoja anaitwa Milan, mpenda redio kama mimi. Sasa anafanya kazi mahali penye bakuli kubwa la chuma la kusikilizia nyota, bakuli ambalo lingefunika msikiti wetu na ua wake. Aliniandikia kwamba wakubwa wake wamemwachia bakuli hilo kwa saa moja na nusu, alasiri ya Jumamosi moja tu. Atarusha mlio kwenda mwezini, na mwezi utaurudisha duniani kama ukuta unavyorudisha mpira. Angetuma herufi tano zilezile, tena na tena, kwa mlio mfupi na mrefu kama posta wanavyopiga simu za maandishi. Hakuniambia ni herufi zipi. Nikizisikia nimwandikie, zikilingana na zake, ananitumia kadi ya ushahidi. Zisipolingana, basi, maana bakuli lile halitolewi mara mbili kwa watu wa kujifurahisha kama sisi.

Nilijaribu kwanza vyombo vyangu hapa mjini. Nilichosikia ni mashine ya kusaga ya jirani. Nilihitaji mahali pasipo na injini, na penye uwanja tambarare. Nikachagua Saadani. Na wale mliocheka kwamba mwezi utasikilizwaje mchana, mjue kwamba mwezi mchanga wa siku nne huwa juu alasiri nzima. Jua ndilo linalowazuia kuuona. Redio haijali jua wala wingu.

Bagamoyo hadi Mlandizi

Niliondoka Jumatano asubuhi. Mzigo wangu ulikuwa hivi: marobota mawili ya wavu wa waya, ule wa kujengea banda la kuku, kigezo cha mbao kilichopindwa kama upinde, mlingoti wa vipande vitatu, redio yangu ndani ya sanduku la mvule, betri ya gari, na daftari. Daftari ndilo lililokuwa na thamani kuliko vyote. Humo nilikuwa nimepiga hesabu zote za mwezi, siku kwa siku, dakika kwa dakika, kwa wiki tatu.

Kondakta wa basi alikubali kila kitu isipokuwa kigezo, akidai kinafanana na kitu cha kuchukulia maiti. Abiria walimuunga mkono. Nikakaa nacho mapajani mpaka Mlandizi, na mama mmoja akakitumia kuegemeza kichwa akalala. Njia ilikuwa mbaya lakini hatukusimama ila mara moja, kungoja ng'ombe.

Vigwaza

Mlandizi nilipata lori lililokuwa linarudi Chalinze. Dereva wake, Sefu, alikuwa mtu mpole anayeendesha kama anayebeba mayai, na hata hivyo springi ilikatika tulipofika Vigwaza. Akaniambia tutalala hapo, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikaingia kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja wa Kikwere. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwa nazi, na kachumbari kali, na chai ya tangawizi. Nilikula sana. Nilipomaliza nikaona watu saba wamesimama nje kwa mstari, kila mmoja na kamba yake mkononi. Nikamuuliza mama wanangoja nini. Akasema wanangoja nimalize kula niwakatie.

Kumbe aliponiona nikishusha wavu alikwisha tangaza kwamba mwenye nyavu za kuku amefika. Nikawaeleza kwamba siuzi. Nikawaeleza kwamba huu ni wavu wa kunasia sauti inayotoka mwezini. Mzee mmoja wa mstarini alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa adabu, "Na hiyo sauti ikishanaswa, itabaki na haja ya wavu?"

Nilimkatia mama wa chai kipande kirefu kama mlango, kwa sababu vifaranga wake walikuwa wanatembea juu ya meza, na kwa sababu alikataa katakata malipo ya chakula. Wengine niliwaahidi. Usiku ule nililala ndani ya lori juu ya marobota yangu.

Chalinze hadi Mandera

Alhamisi springi ilipata ufundi wa kamba na mti, na tukafika Chalinze adhuhuri. Sefu akanikabidhi kwa rafiki yake mwenye lori la kwenda Mandera. Huyu hakuwa mpole. Aliyaruka mashimo kana kwamba yalimkosea zamani, na karibu na daraja la Wami nikanusa harufu kali nikajua kabla sijatazama: betri ilikuwa imelala ubavu na maji yake ya asidi yamemwagika, yametoboa gunia la mtu na ukingo wa suruali yangu.

Niliisimamisha, nikaipima kwa balbu. Ilikuwa na nguvu, lakini si nyingi. Kwa jinsi redio yangu inavyokula umeme, nilikadiria nusu saa. Na Saadani, nilivyojua, hapakuwa na pa kuichaji.

Nusu saa haikunitisha. Bakuli langu, ambalo ningelichimba Saadani na kulitandika wavu, lilikuwa la kulala ardhini, likitazama juu moja kwa moja, na siku ile mwezi ungepita utosini kabisa. Ungekaa machoni pa bakuli karibu nusu saa hiyo hiyo, kisha ungepita. Nilihitaji tu kuwasha kwa wakati, na wakati ulikuwa daftarini.

Kijiji kimoja baada ya Miono

Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa walinipokea vizuri. Lori jingine la kutoka Mandera lilinishusha hapo jioni, na mgambo wawili wakaniomba nimwone mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinikaribisha, akanipa wali kwa kunde na samaki mkavu, akaniacha nishibe. Ndipo akaomba kuuona mzigo.

Wavu aliupita. Mbao alizipita. Sanduku la redio alilifungua, akaona nyaya, akalifunga. Daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kurasa zote, kwa taa ya chemli.

"Ndugu," alisema, "waya kila mtu anao. Redio hata mimi ninayo. Lakini mtu anayetembea porini kuelekea baharini na daftari lenye tarakimu tupu, siku hizi ambapo jirani zetu wa kusini wako vitani, mimi nikimwacha hivi hivi nitaulizwa."

Nilimweleza ni hesabu za mwezi. Akauliza nani anayehitaji hesabu za mwezi, na mwezi wenyewe uko juu. Hapo, ndugu zangu, niliona kwamba anapima kama mimi ni msomi kweli au mtu wa kubahatisha, na sikupenda. Nikamwambia kwamba mimi nina diploma, na kwamba hesabu hizo zote ninazo kichwani. Daftari ni la kuwaonyesha wengine tu.

Mzee Kibwana akafurahi. Akavua miwani.

"Umenipunguzia kazi. Kama ziko kichwani, wewe nenda nazo. Karatasi itabaki hapa mpaka utakaporudi, nami nikiulizwa nitakuwa na la kuonyesha."

Nilitaka kusema neno. Lakini neno lenyewe lingekuwa kwamba nimesema uongo, na mgambo walikuwa wanasikiliza. Nikamshukuru kwa chakula.

Saadani

Ijumaa gari la mbao lilinifikisha Saadani watu wakitoka msikitini. Mawingu yalikuwa yametanda mazito, yameungana, kama blanketi. Siku mbili nilizokaa sikuuona mwezi hata kwa nukta.

Walinielekeza kwa Bi. Mwanakombo, msimamizi wa majaruba ya chumvi, yale madimbwi ya kukaushia maji ya bahari, upande wa kaskazini. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mikono imekauka kwa chumvi mpaka inang'aa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kazi. Nikamweleza ninachotaka: uwanja tambarare, na ruhusa ya kuchimba shimo lenye umbo la bakuli, upana wa hatua nane.

Akaniongoza hadi kwenye dimbwi la zamani lililokauka. "Hili nimetaka lifukuliwe tangu mwaka jana, na hawa wananipa visingizio. Ukishamaliza mambo yako utaniachia?"

Nikasema nitamwachia.

"Basi chimba mwanangu. Chimba hata mwezi uchoke."

Akatoa watu wake watano na majembe. Nilisimika mti katikati, nikafunga kigezo juu yake, nikakizungusha, nao wakachonga udongo kukifuata, mpaka bakuli likatoka laini kama limefinyangwa. Sijivuni bure nikisema ilikuwa kazi safi. Kisha tukatandika wavu, tukaupigilia kwa vijiti vya mikoko. Palibaki pengo dogo ukingoni, la ukubwa wa mlango. Bi. Mwanakombo aliuliza hapo paliachiwa nini. Nikasema ni banda la kuku la Vigwaza, na ilibidi nisimulie yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni, baada ya samaki wa kuchoma na ugali, nilijitenga na penseli. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokumbuka kwa hakika: kitabu cha nyota kilisema mwezi utapita utosini saa tisa na robo, kwa saa ya jua la mahali petu. Nilikumbuka pia kwamba saa tunazovaa mkononi hazifuati jua la mahali petu. Ziko mbali nalo kwa dakika ishirini na tano, kwa kuwa nchi zetu hizi zote zinatumia saa ya pamoja iliyopangwa kwa jua la mbali mashariki yetu. Nikatoa dakika ishirini na tano. Nikapata saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari.

Jumamosi

Asubuhi tulisimika mlingoti, nikatundika antena ndogo juu ya bakuli, nikaunganisha redio bila kuiwasha. Kila kitu kilikuwa tayari kabla ya adhuhuri. Nikamwambia Bi. Mwanakombo kwamba nitawasha saa tisa kasoro dakika kumi kamili, na kwamba betri ina nusu saa, hivyo nisisemeshwe.

Alikuwa amesimama kwenye lango la maji, mahali wanapofungulia bahari iingie majarubani. Hapo pana mti wenye alama nyingi za kisu, mti wake wa kazi. Akautazama, akatazama mfereji.

"Mapema mno," alisema.

Nikamuuliza mapema kwa nini.

"Maji bado yanatoka. Yatageuka baada ya swala, saa saba na ushei. Yakigeuka, mwezi huwa hapa." Akanyoosha mkono mashariki, juu kidogo ya nusu ya anga. "Yakirudi yakafika alama hii ya pili, ndipo unakuwa utosini. Siyo saa tisa kasoro. Ni saa kumi kasoro, kasoro nyingi."

Nilimwambia kwa heshima kwamba mambo ya mwezi hupigwa kwa hesabu, si kwa tope la mfereji. Nikamtajia diploma. Wafanyakazi wake waliacha majembe.

"Bwana Diploma," alisema, na jina hilo likanibaki mpaka naondoka, "mimi miaka yote hii nautazama mwezi nijue maji. Nikikosea, bahari inaingia, chumvi ya mwezi mzima inarudi kuwa maji. Sijakosea. Leo umejificha, basi wewe tazama maji ujue mwezi."

Nikasema saa haiwezi kudanganya. Nikamweleza ile habari ya saa yetu na jua, dakika ishirini na tano, na jinsi nilivyozitoa. Alisikiliza vizuri kabisa, kama alivyosikiliza habari ya kuku.

"Kwenu Bagamoyo adhuhuri inaadhiniwa saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, hivi."

"Jua likishapita utosini?"

"Likishapita."

"Basi jua linachelewa saa yako. Halifiki utosini mpaka saa sita imekwisha pita. Na mwezi nao unapita njia hiyo hiyo. Kwa nini wewe unauwahisha?"

Nilichukua penseli, nikaandika tena. Tangu mtoto nimesikia adhana ya adhuhuri ikija baada ya saa sita, kila siku ya Mungu, na sikuwahi kujiuliza sababu. Zile dakika zilitakiwa kuongezwa. Nilizitoa. Saa tisa na robo ukiongeza ishirini na tano ni saa tisa na dakika arobaini. Ningewasha kwa hesabu yangu ya kwanza, betri ingekufa mwezi ukiwa bado haujafika, na ningerudi kwenu kusema Milan hakurusha kitu.

Lakini hata hapo sikuwa na hakika. Kichwa kilichokosea mara moja kingeweza kukosea tena, na nusu saa ilikuwa moja tu. Nikamwomba Bi. Mwanakombo akae langoni, na maji yakigusa alama ya pili anipungie kanga. Hakunicheka. Alisema atapunga yakiwa yamebakiza kidole, ili nisichelewe.

Saa tisa kasoro dakika kumi ikafika, ikapita. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi na sikuigusa. Saa tisa. Tisa na robo. Milan alikuwa tayari anarusha. Sauti yake ilikuwa inashuka juu ya Saadani yote, juu ya majaruba na samaki walioanikwa, na mimi nimekaa nimefunga redio, nangojea maji ya mfereji. Nadhani ni robo saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa, na nimekaa mitihani.

Saa tisa na dakika ishirini na saba kanga ikapepea.

Nikawasha. Mwanzoni palikuwa na mvumo tu, kama mafuta yanayokaanga chumba cha tatu. Dakika ya nne nilisikia kitu chembamba, kama mbu aliye upande wa pili wa chandarua. Kikapotea, kikarudi. Fupi, ndefu, fupi. Hiyo ni R. Niliiandika na penseli ikakatika ncha, nikaendelea kwa kisehemu kilichobaki. Ndefu moja: T. Kisha Z, nayo niliipata mzunguko wa tatu. L nilihangaika nayo mpaka mwezi ulipokuwa katikati kabisa na sauti ikapata nguvu.

Ya tano ilinishinda. Ndefu, kisha fupi mbili, au tatu. Kila ilipofika mwisho wake mvumo uliimeza. Mbili ingekuwa D, tatu ingekuwa B. Na sindano ya betri ilikuwa inashuka. Bi. Mwanakombo alikuwa amefika, amechuchumaa pembeni. Nilitoa spika moja ya sikio nikampa, nikamwambia asikilize mbu mrefu, ahesabu wafupi wanaofuata.

Aliinamisha kichwa. Aligonga kidole kwenye sanduku la mvule, akafuatana na mlio mizunguko miwili, sauti ikififia, mpaka ikanyamaza kabisa na betri ikafa.

"Watatu," alisema. "Wa mwisho ni mdogo, lakini yupo."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Mimi nasikia maji yanayovuja langoni nikiwa kitandani. Andika watatu."

Nikaandika B.

Kurudi

Jumapili waliniaga kwa gunia la chumvi, na dimbwi nikawaachia kama nilivyoahidi. Nilipokuwa naondoka walikuwa wameshaanza kuutoa wavu. Nusu yake Bi. Mwanakombo aliniomba abaki nayo. Nusu ya pili niliishusha Vigwaza, kwa wale wa mstari, nao walikuwa bado wana kamba zao.

Kijijini kwa Mzee Kibwana nilikuta daftari langu limefungwa kwa karatasi safi na kamba. Hakuna aliyemuuliza. Nilifungua palepale, ukurasa wa Jumamosi. Palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: saa tisa na dakika arobaini.

Alinikaribisha chai, akaniuliza kama nilifanikiwa. Nikasema inawezekana, tutajua posta ikileta jibu. Ndipo akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Kwa hiyo zilikuwa kichwani kweli, hesabu zote hizo?"

Mgambo wale wale walikuwa mlangoni.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hazikuwamo."

Akaniongezea sukari.

Kadi ya Milan imekuja, mmeiona. R, T, Z, L, B, zote tano, na sahihi yake. Wengine mmeuliza kwa nini nimeitundika juu ya diploma na si chini yake, na nimewajibu kwamba ukuta wa chini una unyevu. Nilimwandikia Milan anitumie ya pili yenye jina la Bi. Mwanakombo, akaituma, nami nikaipeleka Saadani kwa lori la chumvi. Dereva amerudi juzi na majibu. Anasema Bi. Mwanakombo ameipokea, ameipigilia kwenye mti wa langoni juu ya alama ya pili, na ananisalimu. Anasema niambiwe kadi ni nzuri lakini imechelewa. Yeye alijua ni watatu tangu siku ile.